Imetumwa au Imekuja Yenyewe? Miaka 30 ya Tume Inayosikiliza Ardhi

Sumbawanga ni mji wenye jina la amri. Kwa maelezo ya Kifipa yanayosimuliwa sana, jina hilo linamwambia mtu atupe uchawi. Anayeingia mjini auache mzigo huo njiani kabla hajapiga hodi. Amri hiyo haikuwaokoa wenyeji na sifa. Mpaka leo, vijiweni Dar es Salaam hata Mwanza, utani wa kwanza anaokutana nao mtu aliyetoka Rukwa ni wa radi: kwamba kwao radi haipigi tu, hutumwa. Uwanda wa Ufipa umeinuka, mji wenyewe ukiwa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, huku Ziwa Rukwa likiwa bondeni mashariki na Ziwa Tanganyika bondeni magharibi. Mahali pa namna hiyo radi wakati wa mvua ni jambo la kutarajiwa kama ukungu wa asubuhi. Lakini maelezo ya hali ya hewa hayajawahi kushinda utani. Yakishindwa na utani hapaharibiki kitu. Yakishindwa na tuhuma, mtu hufa, na nchi hii imezika vikongwe wengi ambao kosa lao lilikuwa macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni. Ndiyo maana swali linaloulizwa baada ya radi kupiga si la mzaha hata kidogo. Imetumwa, au imekuja yenyewe?

Swali hilohilo ndilo lililozaa taasisi inayotimiza miaka 30 mwezi Novemba 2026. Tarehe 19 Novemba 1996, nchi zilizokuwa zimetia sahihi Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio Yote ya Nyuklia zilikutana New York zikaunda tume ya kuandaa shirika litakalousimamia mkataba huo. Makao yake yakawa Vienna, Austria, na dunia ikaizoea kwa herufi zake, CTBTO. Kazi yake inasemeka kwa pumzi moja: ardhi ikitikisika, bahari ikivuma au hewa ikibeba mionzi, iseme kama ni mkono wa mtu au ni maumbile. Katika maadhimisho yatasemwa mengi kuhusu Korea Kaskazini na namna mitambo ilivyoinasa, na wenye sherehe wana haki yao. Ila anayeisoma historia hii akiwa Ufipa, juu ya ardhi inayotikisika bila kutumwa na mtu, ataona fahari kubwa zaidi mahali pasipopigiwa makofi. Tume hii imefanya kazi yake bora kila ilipomtetea asiye na hatia. Kumkamata mwongo ni nusu tu ya uhakiki, tena nusu ndogo.

Ushahidi wa kwanza uko chini ya miguu. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa na kusini mwa Ziwa Tanganyika lilipigwa na tetemeko ambalo wataalamu wamelikadiria kuwa na ukubwa wa karibu 7.4, kubwa kuliko yote yaliyojulikana Afrika Mashariki katika karne ya 20. Enzi zile zilikuwa za Wajerumani. Boma lao la ziwani lilikuwa Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, na mashine zilizotoa kipimo cha mtikisiko huo zilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Ikapita miaka 80 ndipo Nicholas Ambraseys, mtaalamu wa matetemeko wa Imperial College, London, alipoliandikia makala yake ya mwaka 1991 kwa kuunganisha kumbukumbu za mashine na maandishi ya watu wa wakati ule. Hata bila makala, alama za mitikisiko ya namna hiyo zinaonekana kwa macho. Ufa wa Kanda unapita uwandani kwa zaidi ya kilomita 100, na mahali pengi unajionyesha kama tuta refu lililonyooka, ardhi ya upande mmoja imekaa juu na ya upande wa pili imeshuka. Asiyeambiwa anaweza kudhani ni kazi ya tingatinga la barabara. Wapo wanajiolojia wanaoufungamanisha ufa huo na tetemeko la 1910. Kwa kulinganisha, jaribio kubwa kuliko yote la Korea Kaskazini, la tarehe 3 Septemba 2017, lilisajiliwa kwa ukubwa wa 6.1; kwa nguvu iliyoachiliwa, Ufipa ya 1910 inalizidi makumi ya mara. Tetemeko kama lile lingetokea mwaka 1962 chini ya ardhi ya dola mojawapo yenye mabomu, nani angekuwa na uso wa kumwambia hasimu wake kwamba hii ni kazi ya Mungu, haikutoka maabara?

Wakubwa walilijua tatizo hilo mapema. Julai na Agosti 1958 wataalamu wa kambi mbili walikaa Geneva wakachora mtandao wa vituo 160 hadi 170 vya nchi kavu, pamoja na meli kama 10. Vituo 16 vilipangiwa bara la Afrika, ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa bado halina bendera zake. Mtandao huo haukujengwa. Mazungumzo yakaendelea hadi yakakwama kwenye hesabu ya kuchekesha kama isingekuwa ya kuogofya. Kufikia mwaka 1963 Wasovieti walikuwa radhi kukaguliwa kwenye ardhi yao mara 3 kwa mwaka, Wamarekani wakashikilia 7. Kwa tofauti hiyo ya 4, marufuku kamili ikageuka marufuku nusu. Mkataba wa Moscow wa Agosti 1963 ulikataza majaribio hewani, majini na anga za mbali, ukayaacha ya chini ya ardhi. Afrika ilikuwa imekwisha kuonja yote mawili, kwa kuwa Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza hewani huko Reggane, jangwani Algeria, tarehe 13 Februari 1960, na tarehe 1 Mei 1962 mlipuko wake wa chini ya mlima, huko In Ekker, ulipasua njia na kumwaga mionzi nje mbele ya mawaziri waliokuja kutazama. Kilichofuata baada ya 1963 ni zaidi ya miaka 30 ya kulipuana mashimoni, kila upande ukitega sikio kwa mwenzake.

Katika kutega sikio huko ndimo lilimotokea jambo ambalo waliolilipia hawakulipanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani iligawa vipima tetemeko vya aina moja kwa vituo zaidi ya 100 duniani, Nairobi na Addis Ababa vikiwamo. Lengo lilikuwa kupata uzoefu wa kutambua mabomu. Mashine zikaandika usiku na mchana, na karatasi zikajaa kitu kingine kabisa: mistari ya matetemeko iliyofuata mipaka ya mabamba makubwa yanayobeba mabara. Nadharia ya mabamba, ambayo ndiyo inayoeleza kwa nini Afrika Mashariki inachanika polepole na kwa nini Rukwa na Tanganyika ni mabonde, ilipata sehemu ya ushahidi wake kwenye fedha za kupelelezana. Tangu mwanzo, basi, sikio lililotegeshewa bomu lilikuwa likisikia zaidi ardhi inayojigeuza usingizini. Wengi waliiona mitikisiko hiyo kuwa kelele za kuondolewa. Kumbe ndiyo shule yenyewe, maana bila kujua tetemeko lina sura gani mtu hawezi kuapa kwamba hili si tetemeko.

Mwaka 1976, kwa pendekezo la Sweden, kundi la wanasayansi lilianza kukutana Geneva kuandaa namna nchi zitakavyobadilishana takwimu za mitikisiko. Lilifanya mazoezi ya dunia nzima mwaka 1984, likarudia 1991, na zoezi la tatu lililoanza Januari 1995 halikuzimwa tena; likawa kiini cha mtandao wa leo. Lakini sayansi peke yake isingetosha, na hapa Tanzania inaingia kwa mlango wa mbele. Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere alijiunga na viongozi wa Argentina, Ugiriki, India, Mexico na Sweden kuyataka mataifa yenye nyuklia yasimamishe majaribio. Januari 1985 walikutana New Delhi. Agosti 1986, mjini Ixtapa, Mexico, walikwenda mbali kuliko kulaumu: walitoa hati nzima kuhusu uhakiki, wakajitolea nchi zao zisaidie kuhakikisha kwamba hakuna anayelipua. Wakati huo Mwalimu alikuwa amekwisha kung'atuka, na Olof Palme wa Sweden alikuwa ameuawa miezi michache kabla. Ipo tabia ya kuutaja mpango wa wale sita kama sauti ya maadili tu, mahubiri ya wanyonge. Hati ya Ixtapa inakataa. Wazo lake lilikuwa kwamba shahidi asiye na bomu anaaminika kuliko shahidi mwenye bomu, kwa sababu hana cha kuficha wala cha kulipiza. Mwezi mmoja kabla yake, Julai 1986, wanasayansi wa Marekani walioalikwa na Akademia ya Sayansi ya Kisovieti walitega vipima tetemeko vyao karibu na uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk, wakati kiongozi wa Kisovieti, Gorbachev, amesimamisha milipuko na wenzake Washington hawamwamini. Ukimya waliousikiliza ulikuwa ushahidi wa kumtetea aliyesema kweli.

Ingetarajiwa, baada ya hayo, kwamba Tanzania ingekuwa ya kwanza kuinua mkono mkataba ulipofika. Haikuwa hivyo. Tarehe 10 Septemba 1996 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliupitisha kwa kura 158. Tatu zilipinga: India, Bhutan na Libya. Tano hazikupiga upande wowote: Cuba, Lebanon, Mauritius, Syria na Tanzania. Wanaoandika historia za sherehe huliruka jambo hili, nami naona ni kosa kuliruka, kwa sababu linaonyesha thamani ya kilichokuja baadaye. Nchi nyingi zisizofungamana na upande wowote zilikuwa na nung'uniko moja, tena la haki: mkataba unamzuia anayetaka kuanza, ilhali aliyekwisha kulipua mara mia kadhaa anabaki na ghala lake bila kuwekewa tarehe ya kulimaliza. India, mmoja wa wale sita wa Ixtapa, ilikataa kabisa, na Mei 1998 ikalipua, Pakistan ikiifuata mwezi huohuo. Tanzania ilichukua njia nyingine. Iliridhia Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, mwaka 1998; mwaka 2004 ikatia sahihi na kuridhia mkataba wa majaribio; mwaka 2005 makubaliano yake ya ukaguzi na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki yakaanza kazi pamoja na itifaki ya nyongeza inayowapa wakaguzi nafasi pana zaidi. Nung'uniko la 1996 halikujibiwa. Kilichobadilika katika ile miaka minane ni kwamba tume ya Vienna ilikuwa imeanza kuwa kitu cha kushikika, na kitu hicho kilimpa kila mwanachama, mwenye bomu na asiye nalo, takwimu zilezile.

Kukielewa kitu hicho kunahitaji kukisogelea. Mpango mzima ni vituo 321 na maabara 16. Vituo 170 husikiliza ardhi, 11 husikiliza bahari, 60 hunasa sauti nzito zilizo chini ya uwezo wa sikio la mtu, na 80 huchuja hewa. Kimojawapo cha kuchuja hewa kiko Dar es Salaam, nambari yake katika orodha ya mkataba ikiwa RN64, na mlezi wake nyumbani ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kurithi Tume ya Taifa ya Mionzi ya mwaka 1983. Kazi ya kituo cha namna hiyo ni ya kuchosha kwa makusudi. Feni hufyonza hewa, angalau mita za ujazo 500 kila saa, na kuipitisha kwenye kitambaa cha kuchujia kwa saa 24. Kitambaa kinatolewa, kinakunjwa na kubanwa, kinaachwa kitulie saa 24 nyingine ili mionzi ya asili inayokufa upesi ife, halafu kinawekwa mbele ya kipimo karibu siku nzima. Siku tatu, kitambaa kimoja. Kesho yake kingine. Karibu kila mara kipimo huonyesha beriliamu-7, ambayo huzaliwa juu angani kwa miale itokayo mbali na dunia na haina uhusiano wowote na mabomu. Fundi akiikosa hashangilii; anashuku mtambo umeharibika. Kinachotafutwa ni mambo kama bariamu-140, mtoto wa kupasuka kwa atomu. Ukurasa wa siku baada ya siku usio na bariamu hiyo hauandikwi gazetini, lakini ndio unaompa Mtanzania haki ya kusema, kwa kipimo chake mwenyewe, kwamba hewa ya pwani yake leo haikubeba kitu.

Upande wa ardhi, masikio yaliyo karibu na Ufipa yako nje ya mipaka: Kilimambogo nchini Kenya, kinachopeleka takwimu bila kukoma, na vituo vya akiba vya Mbarara, Uganda, na Lusaka, Zambia, vinavyoulizwa panapotokea jambo. Kutofautisha bomu na tetemeko kunategemea tabia za mawimbi. Mlipuko husukuma ardhi nje kwa pande zote kwa mpigo mmoja, hivyo wimbi la kwanza, lile la haraka, huwa na nguvu na mawimbi ya juu ya ardhi yanayofuata huwa dhaifu. Tetemeko ni mwamba kuteleza juu ya mwamba, huvuta huku na kusukuma kule, na mawimbi yake ya juu huwa mazito. Halafu kuna kina. Shimo refu kuliko yote lililowahi kuchimbwa na mtu, la Kola nchini Urusi, liliishia kilomita 12 na ushei. Tetemeko la Rukwa la tarehe 18 Agosti 1994, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kilomita kama 25 chini. Huko hakuna mkono wa mtu unaofika. Kwa hiyo bonde la Rukwa linajitetea lenyewe, mradi yupo anayekijua kina chake, na kukijua kunahitaji vituo vingi vilivyolizunguka.

Siku mbili za Septemba 2016 zinaonyesha jambo hili kuliko hotuba yoyote. Tarehe 9 Korea Kaskazini ililipua bomu lake la tano. Vienna ikasoma 5.1. Tarehe 10, miaka 20 kamili tangu ile kura ya New York, ardhi ya Kagera ilitikisika kwa 5.9, Bukoba ikaanguka kuta na kuzika watu. Tetemeko la Kagera lilikuwa kubwa kuliko bomu. Hakuna aliyelidhania bomu, na watu wanaona hilo ni la kawaida mno kiasi cha kutolitaja. Lilikuwa la kawaida kwa sababu mawimbi yote mawili yalipita kwenye mizani ileile, yakapimwa kwa kanuni zilezile, na takwimu zikawa wazi kwa nchi zote wanachama. Miaka 19 nyuma mambo hayakuwa hivyo. Tarehe 16 Agosti 1997 mtikisiko mdogo, wa 3.3 hivi, ulisikika upande wa Novaya Zemlya, kaskazini mwa Urusi, kwenye uwanja wa zamani wa majaribio wa Wasovieti. Washington maofisa wakaanza kunong'ona kwamba Urusi imevunja ahadi, magazeti yakachapa. Wanasayansi walipopiga hesabu kwa takwimu za vituo vya Skandinavia na vya Urusi yenyewe, chanzo kikaangukia baharini, Bahari ya Kara, zaidi ya kilomita 100 kutoka uwanja unaotuhumiwa. Kufikia Novemba maofisa walikuwa wamerudi nyuma: haukuwa mlipuko wa nyuklia. Oktoba 2024 uvumi uleule uliruka mitandaoni baada ya tetemeko la mkoa wa Semnan, Iran, na ukazimwa na takwimu zilezile. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mambo ya ndoa za watu huenda. Kwa mambo ya nyuklia methali hiyo ni hatari, na Iraq ilivamiwa Machi 2003 siku chache tu baada ya Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kuliambia Baraza la Usalama kwamba hati za madai kuwa Iraq ilitafuta urani Niger hazikuwa za kweli. Neno la mhakiki lilikuwepo. Lilikosa wa kulisikiliza, na hilo ni tatizo la aina nyingine.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapopata nguvu. Atasema mtu: uhakiki una faida gani ikiwa aliyenaswa haadhibiwi na aliyetetewa hasikilizwi? Korea Kaskazini imelipua mara sita tangu Oktoba 2006, ikanaswa mara sita. Mara ya kwanza gesi ya zenoni iliyotoka mlipukoni ilifuatwa hadi Yellowknife, Kanada, wiki mbili baadaye. Ya Februari 2013 ilinaswa Takasaki, Japani, baada ya siku 55. Vikwazo viliwekwa, mabomu yakaendelea. Pingamizi hili linadai kutoka kwa shahidi kazi ya hakimu na ya askari magereza. Tume haina jela. Ilichofanya ni kuondoa ubishi juu ya kilichotokea, na kuondoa ubishi si kitu kidogo: tangu 1998 hakuna serikali nyingine iliyothubutu kulipua waziwazi, na mojawapo ya sababu ni kwamba hakuna tena anayeweza kulipua kisha akasema ni tetemeko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani linajibika lote. Mkataba wenyewe haujaanza kufanya kazi kisheria. Unadai uridhiwe na nchi 44 zilizotajwa kwa majina, na tisa bado: Marekani, China, Misri, Iran na Israel zimetia sahihi bila kuridhia, India, Pakistan na Korea Kaskazini hazijatia sahihi, na Urusi, iliyoridhia mwaka 2000, ilijiondoa kwenye uridhiaji wake Novemba 2023. (Jirani yetu Kongo imo katika zile 44, kwa kuwa Kinshasa ilikuwa na tanuri la utafiti tangu 1959, iliridhia 2004, mwaka mmoja na sisi.) Miaka 30 ni mingi kwa kitu kinachoitwa maandalizi. Matokeo yake si ya jina tu. Silaha kali kuliko zote ya uhakiki, ile ya kutuma wakaguzi hadi 40 kupekua eneo la kilomita za mraba 1,000, haiwezi kutumika mpaka mkataba uanze. Imefanyiwa mazoezi Kazakhstan 2008 na Jordan 2014, ikarudishwa stoo. Na vilipuko vidogo mno vya maabara havisikiki Kilimambogo wala kwingineko. Tangu 2019 Marekani imeituhumu Urusi kwa vitu vya namna hiyo, Urusi ikakana, na mwishoni mwa Oktoba 2025 Rais Donald Trump akatangaza kwamba nchi yake nayo itaanza tena kupima silaha zake kwa usawa na wengine. Katika ubishi huo Vienna haina cha kusema zaidi ya kwamba hakuna mlipuko uliosikika. Lakini tazama ni wapi tuhuma zimehamia: zimehamia mahali pale tu ambapo sikio la pamoja halifiki. Kwingineko kote zimekufa. Mikataba ya wakubwa wawili, ile ya kuhesabu vichwa vya makombora, ilitegemea ruhusa ya mwenye nyumba. Janga la 2020 lilisimamisha ukaguzi wake, vita vya Ukraine vikauzuia usirudi. Wimbi la ardhi haliombi viza.

Pingamizi la tatu linatoka nyumbani. Mkulima wa Ufipa anayepanga matuta yake ya intumba, akifukia majani yaoze yawe mbolea, ana nini na Vienna? Bajeti ya tume inazidi dola milioni 120 kwa mwaka, ingawa mchango wa Tanzania, ukifuata viwango vya Umoja wa Mataifa, umekuwa kama sehemu moja ya elfu kumi. Kwa bei hiyo nchi inapata takwimu za mtandao wote, jambo ambalo isingeweza kujijengea. Inapata pia cha kulinda jina lake. Nchi yenye urani katika Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na yenye bandari inayopitisha mizigo ya Kongo ilikotoka urani ya bomu la Hiroshima, haiwezi kukaa ikitegemea kuaminiwa kwa sura nzuri. Ila mkulima ana hoja. Mtandao wa Vienna umepangwa kunasa mlipuko popote duniani. Haukupangwa kuionya Sumbawanga. Hauna kituo Rukwa, na mitikisiko midogo ambayo ndiyo ingefundisha tabia ya ufa wa Kanda inaupita bila kuandikwa. Haki ya kuzipata takwimu haifanyi kitu bila wasomaji wake, na wasomaji wa mawimbi ya ardhi nchini ni wachache, ofisi zao ziko mbali na Ufipa. Lawama hiyo si ya Vienna.

Desemba 2005 sakafu ya Ziwa Tanganyika ilipotikisika kwa 6.8, mtikisiko ulisikika nchi kadhaa. Ufipa itapata wake tena. Ufa uliovunjika 1910 haujafungwa. Siku hiyo takwimu zitaondoka Kilimambogo kwenda Vienna papo hapo, Lusaka na Mbarara vitaulizwa, na orodha ya kwanza ya tukio, yenye mahali, saa na makadirio ya kina, itakuwa tayari katika saa mbili hivi, ikimfikia kila mwanachama mwenye kompyuta iliyowashwa na mtu wa kuisoma. Kijiweni Sumbawanga, muda huohuo, patakuwa na watu wameketi nje kwa kuogopa kuta, na mmoja wao atakuwa amekwisha kumtaja aliyeutuma.